Sanduku la Kambove

Anselme, ndugu yangu,

Tulikuzika siku ya joto kali, lile joto la mwisho kabla ya mvua, na udongo wa makaburini ulikuwa mgumu hata wachimbaji wakawa wanapokezana sururu. Watu walitaka mmoja wetu wa kazini aseme neno. Wakanisukuma mbele. Nikafungua mdomo, padri akanitazama, mke wako Mama Régine akaniinulia uso, nikaufunga tena na kurudi nyuma. Sasa mvua zimeanza, majani yameota juu yako, na lile neno bado limenikaa kooni. Ndiyo maana ninaandika.

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha darasani, kile tulichofundishwa na mapadri, wewe kule Kongolo na mimi hapa Élisabethville. Kiswahili chetu cha siteni, mitaa yetu sisi Waafrika, kinanitoka haraka mno, na nikikiandika sitafika mwisho. Lakini maneno yako, na ya wengine, nitayaacha yalivyotoka vinywani.

Atelye, karakana yetu, iko pale pale, ng'ambo ya reli, na harufu yake ni ile ile ya resini na risasi ya kulehemu. Kiti chako hakijapewa mtu mwingine. Monsieur Delvaux, mkubwa wetu, hajasema kitu kuhusu kiti hicho, ila siku moja nilimwona akikizunguka badala ya kukisogeza. Vipimo vinaendelea kuletwa kutoka kila upande wa Katanga: vya lampi za redio, vya volti, na ile osiloskopu kongwe inayochora wimbi la kijani kisha kulimeza. Watu wa siteni bado wananiuliza hii ni kazi gani, kutengeneza vyombo ambavyo vyenyewe ni vya kutafutia makosa. Wewe ulikuwa na jibu lako. "Fundi anaaminia kipimo. Kipimo ikisema bongo, ikidanganya, fundi anakufwa." Ulikuwa ukisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku ukipuliza vumbi jekundu kutoka kwenye mshale wa kipimo fulani.

Ninakumbuka mkono wako wa kushoto. Kila ulipofungua chombo chenye umeme mkali uliutia mfukoni, ukafanya kazi kwa wa kulia peke yake, ili umeme ukikupata usipite kifuani. Ninakumbuka pia siku ya baridi tulipofungua kipimo cha lampi kutoka Jadotville, tukakuta panya amezaa kando ya transfoma. Uliwatoa watoto wake kwa kibanio, mmoja mmoja, ukawalaza ndani ya kofia yako. Monsieur Delvaux alipouliza kosa lilikuwa nini, ulijibu bila kutabasamu: "Famille, Monsieur." Hata yeye alilazimika kuvua miwani ili afute macho.

Baada ya hapo lilikuja lile sanduku, na sikumbuki tena tukicheka namna ile.

Uliliona wewe kwanza. Lilikuwa la chuma cha kijivu, zito kama mawe ya kusagia, lenye dirisha la mshale na nyaya mbili: mweusi wa kufunga ardhini, mwekundu wa kufunga kwenye kebo inayopimwa. Lilitoka kwa patron mmoja, tajiri wa Kizungu aliyekuwa na kandarasi ya kufukia kebo huko Kambove. Kazi ya sanduku ilikuwa kusukuma umeme mkali sana ndani ya kebo mpya ili ijulikane kama ngozi yake ina tundu kabla haijafunikwa. Liliundwa Ulaya kabla ya vita, na kwa umri wake lilikuwa safi. Mtu aliyelileta alilishusha mlangoni na kukataa kuliingiza ndani. Alisema limemwangusha mfanyakazi anayeitwa Kyungu, mkono wake umeungua mpaka kwenye kiwiko, na lilimpiga likiwa limezimwa.

Tulilifungua mimi na wewe. Tulipima kila kitu. Kondansatere, ule mtungi unaohifadhi umeme mkali, ulikuwa mzima. Rezistansi, lile bomba la udongo lililozungushiwa uzi wa chuma ili kuumwaga umeme huo chombo kikizimwa, ilikuwa nzima. Monsieur Delvaux naye akapima nyuma yetu, kwa mkono wake, na akatuambia kwa kile Kiswahili chake: "Mimi hapana ona kitu. Yote iko muzuri." Hakuwa anadanganya. Yote yalikuwa mazuri pale mezani. Tukalirudisha.

Halikukaa sana huko. Lilirudi tena, na safari hii mtu mwingine alikuwa ametupwa ndani ya mtaro na kuvunjika mguu. Tukapima tena na kila kitu kikawa kizima. Wafanyakazi wa Kambove wakasema ndani mna mulozi, yaani mchawi, na hakuna atakayeligusa. Nakumbuka ulivyokaa mbele ya lile sanduku lililo wazi, ukaliangalia muda mrefu kama mtu anayemwangalia mgeni asiyemwamini. Ukasema: "Kama ni mulozi, iko na fasi anaikalaka. Tutatafuta ile fasi." Halafu, tulipokuwa tukivaa makoti ya kwenda nyumbani, ukaongeza kitu ambacho sikukielewa siku ile. "Ndugu, hii kintu haipigake muntu mu kazi. Inangoja bamalize."

Patron hakutaka kungoja. Alikuwa na mitaro iliyo wazi na mvua zinakuja. Akataka fundi wa atelye apande na sanduku mpaka Kambove, alitumie mbele ya watu kutwa nzima, waone kwamba halina mulozi. Monsieur Delvaux akakuteua wewe kwa sababu ulikuwa fundi bora. Asubuhi ulipoondoka nilikufungia mzigo wako. Niliweka mwenyewe fimbo ya ardhi, ule mti wenye ndoana ya shaba tunaogusia mahali penye umeme ili umwagike chini kabla mkono haujakaribia. Uliniambia nimsalimie mama yangu. Ukapanda gari la patron, ukaketi nyuma pamoja na sanduku.

Jioni ya siku ya pili yake walikuleta ukiwa umefunikwa turubai.

Habari tuliyopewa ilikuwa fupi. Ulifanya kazi vizuri tangu asubuhi. Kebo zote zilikuwa nzima. Ulizima, mshale ukalala kwenye sifuri, ukawageukia watu na kusema kazi imekwisha. Kisha ukainama kuukunja waya mwekundu. Basi.

Mkaguzi wa kazi alikuja atelye na kuliangalia sanduku, ambalo lilikuwa limekaa siku kadhaa kwenye rafu, baridi kama jiwe. Alilipima mbele yetu na hakuona kitu. Akauliza kama fundi alikuwa na fimbo ya ardhi. Patron akajibu kwamba alikuwa nayo na hakuitumia. Basi ikaamuliwa kwamba ulikufa kwa uzembe wako mwenyewe. Neno hilo walilisema kwa Kifaransa mbele ya Mama Régine, wakamtafsiria, na waliomtafsiria hawakulipunguza makali.

Usiku wa kilio sitausimulia. Lakini siku iliyofuata uamuzi huo, watu wakiwa bado wamekaa matangani uani kwako, mke wako aliniita pembeni ya jiko. Régine, binti yako mdogo, alikuwa amelala miguuni pake. Aliniambia hivi, na macho yake yalikuwa makavu: "Bananiambia bwana yangu alikuwa muzembe. Weye ulimujua. Alikuwa muzembe?" Nikamwambia hapana. Akasema: "Basi, nani atabaambia?" Aliendelea kukoroga bukari, ugali wa wageni, na mimi nikabaki nimesimama pale na moshi unaniingia machoni.

Siku hiyo hiyo akaja mtu mwembamba mwenye mkono uliofungwa kitambaa. Alikuwa Kyungu, yule wa kwanza kuangushwa. Alikuwa amesafiri kutoka Kambove kuja kukulilia ingawa alikujua kwa kutwa moja tu. Aliketi karibu nami, akangoja mpaka watu wakapungua, kisha akazungumza akitazama chini.

"Ile siku yangu, sanduku ilikuwa moto sawa mukate inatoka mu furu. Na ile siku yake, vilevile. Nilitiaka mukono pa juu, nikautoa mbio." Kisha akasema jambo la pili kwa sauti ya chini zaidi. "Na ile fimbo, alikuwa nayo mu mukono. Ni patron alimuambia: acha ile, bantu bakikuona nayo batasema na weye unaogopa. Alimuangalia patron. Akaiweka chini."

Nilimuuliza kama yuko tayari kulisema hilo mahali pengine. Akatikisa kichwa haraka. Nyumba anayolala na watoto wake ni ya patron. Aliniomba nisilitaje jina lake, akaondoka kabla chakula hakijaiva.

Anselme, nilirudi kazini na maneno ya Kyungu kichwani. Moto sawa mukate. Wewe na mimi tulilipima sanduku lile msimu wa baridi, juu ya meza, tukaliwasha kidogo tu na kulizima. Hatukuliacha liwake mpaka lichoke, kama linavyowaka kule mitaroni chini ya jua. Nilimwendea Monsieur Delvaux na kumweleza habari ya joto. Hakunikatiza. Alitoka nje, akavuta sigara nzima, akarudi na kusema gari lake lilimsumbua miaka miwili hivyo hivyo, linazimika likipata joto, na kila akilifikisha gereji limeshapoa. Akavua koti.

Tuliliwasha asubuhi. Tulifunga mlango, tukawatoa wengine nje, tukakaa mbali nalo, yeye dirishani na mimi kwenye meza yangu, na tukajifanya tunafanya kazi. Lilikuwa linanguruma kwa sauti nyembamba ambayo baada ya muda huisikii tena, na hilo ndilo lililoniogofya, kwamba masikio yangu yalikuwa yameanza kulizoea. Kuelekea mchana chuma chake kilikuwa hakishikiki. Monsieur Delvaux akalizima. Mshale ukashuka taratibu, ukalala kwenye sifuri. Tukangoja. Kila kitu kilionekana kimekufa. Kisha akachukua fimbo ya ardhi na kuisogeza kwenye ncha ya waya mwekundu.

Lililotoka pale lilikuwa kama mjeledi. Cheche ya buluu, na mlio uliowafanya watu wa nje wagonge mlango. Monsieur Delvaux aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kilikuwa kiti chako. Halafu akasema, taratibu, kwa Kifaransa, kwamba mshale umefungwa upande wa swichi, na kwa hiyo ukizima swichi mshale unalala hata kama umeme haujalala.

Kesho yake lilipopoa tulijaribu tena. Hakuna kitu. Kimya. Tulilipasha moto, likapiga. Tulipoichomoa ile rezistansi na kuiangalia kwa lenzi kwenye mwanga wa dirisha, tuliona ufa mwembamba kuliko unywele, mahali uzi wa chuma unapoingia kwenye pete yake. Ikiwa baridi, ncha mbili zinagusana na kipimo kinasema nzima. Ikipata joto, pete inatanuka, ncha zinaachana, na umeme unabaki ndani hauna pa kwenda. Likipoa, zinagusana tena, umeme unamwagika wenyewe, na ushahidi unakwenda nao. Ndiyo maana kila aliyelipima baada ya msiba aliliona halina kosa. Uliposema linangoja watu wamalize, ulikuwa umelikaribia sana, ndugu yangu. Nilitamani kukugeukia na kukuonyesha ule ufa. Niligeuka kweli. Kulikuwa na ukuta tu.

Ndipo Monsieur Delvaux alipokumbuka kwamba masanduku yale yalikuja mawili. Yalishuka pamoja kutoka Ulaya, yamefanana kama mapacha, na yote mawili yalinunuliwa na patron yule yule. Moja liko mezani petu. Jingine lilikuwa hapa hapa mjini, na kikosi chake cha pili, kwenye nyumba mpya zinazojengwa Bel-Air. Alimpigia patron simu mbele yangu, kumwomba alisimamishe lile la pili na kulileta lipimwe. Nilisikia sauti ya upande wa pili, fupi na yenye haraka. Alipokata simu akaniambia: "Anasema Jumatatu." Siku ile ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi hatufanyi kazi mchana. Nilikwenda nyumbani, nikaketi mbele ya chakula, nikashindwa kukila. Mama yangu akaniuliza kama ninaumwa. Nilipanda baiskeli nikaenda Bel-Air.

Nyumba zile hazina paa bado, na mitaro imekatiza kila mahali. Nilisikia ile sauti nyembamba kabla sijaliona. Lilikuwa juu ya mbao, kwenye jua, chini ya kipande cha zinki ambacho kivuli chake kilikuwa kimeshahama. Aliyelishughulikia alikuwa mzee mmoja wa Kasai anayeitwa Mukendi, nilimjua kwa sura tangu kanisani. Nilipoegesha baiskeli alikuwa ananyoosha mkono kwenye swichi. Aliizima. Mshale ukashuka, na nikamwona anainama kuchukua waya.

Nilipaza sauti kwa lugha ya Kasai, ya wazazi wangu na wake: "Lekela, tatu." Acha, baba. Sijui ni lugha ile au ni sauti yenyewe, lakini alisimama hivyo hivyo, nusu ameinama, na mkono wake ulibaki hewani kama wa mtu anayetaka kumshika kuku.

Sikuwa na fimbo ya ardhi. Niliomba mpini wa jembe, nikaufunga kipande cha waya mtupu, ncha ya pili nikaifunga kwenye nguzo ya chuma iliyopigiliwa ardhini. Wafanyakazi wakasimama mbali. Kijana wa Kizungu aliyekuwa msimamizi wao akaja kutoka kivulini, akasimama mikono kiunoni. Niliusogeza ule mpini mpaka waya wangu ukagusa ncha nyekundu.

Hakuna kilichotokea. Hata mlio mdogo haukutoka.

Msimamizi akacheka. Mzee Mukendi akapangusa uso. Wengine walianza kuzungumza na kurudi kwenye majembe yao. Lakini mimi, Anselme, kimya kile kilinitisha kuliko cheche ya atelye. Kwa maana hakikuniambia kitu. Labda sanduku lile lilikuwa zima. Labda lilikuwa bado halijapata moto wa kutosha, na kebo inayofuata ndiyo ingelifikisha. Msimamizi akaniambia niondoke, kuna mitaro mingine ya kupima kabla ya mvua ya jioni, na mzee Mukendi akaunyoosha tena mkono kwenye swichi ili aliwashe.

Nilikuwa na koleo mfukoni kama siku zote. Nikainama nikaukata waya mwekundu kwenye mzizi wake, pale unapotoka kwenye chuma. Nikaukunja nikautia chini ya shati, nikapanda baiskeli. Msimamizi alinikimbilia mpaka barabarani akiniita mwizi. Sikugeuka.

Jumatatu polisi walinijia kazini kabla sijavaa koti. Monsieur Delvaux aliwaomba wangoje. Alikuwa ameshatuma gari kulichukua lile sanduku la pili. Alilifunga waya mwingine na kuliwasha mbele ya polisi, na mbele ya patron ambaye alikuja mwenyewe na uso mwekundu. Likapata moto. Akalizima, akaleta fimbo, na likapiga. Polisi mmoja aliangusha kofia yake, na baadaye waliondoka bila kunichukua. Patron hakuruka. Alilitazama tu sanduku, kisha akanitazama mimi, kwa muda, na nikaelewa kwamba sasa ananichukia zaidi kuliko kabla hajaliona lile jambo.

Mzee Mukendi anaishi. Nataka ulijue hilo. Jumapili iliyopita alinijia kanisani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Patron amekubali kwamba masanduku yana kosa. Anasema ni kosa la kiwanda, na hata hivyo fundi aliyekufa alikuwa na fimbo na akaacha kuitumia, kwa hiyo uzembe unabaki kuwa uzembe. Monsieur Delvaux ameniambia kwamba ataapa juu ya ule ufa popote watakapomwita, ila habari ya fimbo hakuiona na hawezi kuisema. Wiki iliyopita patron alinikuta mlangoni mwa atelye, akanisogelea kama rafiki. Aliongea taratibu ili nielewe kila neno. "Weye sahau Kambove. Mimi tasahau waya yangu." Nisipokubali, atanishitaki kwa kuharibu na kuiba mali yake, na nitafungwa, na nikitoka hakuna atelye itakayonipokea katika Katanga yote. Alinipigapiga begani akaenda zake. Tangu siku hiyo kuna mtu asiye na kazi anayekaa ng'ambo ya nyumba yangu tangu asubuhi. Mama yangu amempelekea maji ya kunywa mara mbili, akidhani anamngoja mtu.

Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, kwa sababu maneno ya Kyungu si yangu, na nilimwahidi sitamtaja. Nilianza kujiambia kwamba marehemu hasikii jina lake likisemwa vibaya. Nilijiambia hivyo kwa siku nyingi.

Jana mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa Kyungu, na kifurushi chini ya kwapa, na mkono wake ule umepona vibaya, vidole havifungiki. Alikuwa ameshuka kwenye treni. Nilidhani amekuja kuniomba tena ninyamaze. Akasimama pale mlangoni akasema: "Bibi yangu anasema nalalaka na macho wazi. Nimekuja. Unipeleke kule banasikilizaka bantu." Nilimuuliza habari ya nyumba. Akasema mke wake na watoto wamekwenda kwa shemeji yake huko Jadotville na vyombo vyao. Hakuna kilichobaki ndani ya nyumba ile isipokuwa mlango.

Leo asubuhi tunakwenda kwa prokurere, mwendesha mashtaka wa serikali, mimi na yeye. Monsieur Delvaux atatukuta huko. Nitaeleza habari ya ufa, na nitaeleza habari ya waya nilioukata, maana wataniuliza na sitaificha. Kyungu ataeleza aliyoyasikia kwa masikio yake. Sijui kama watatuandika au watatufukuza. Sijui kama nitarudi nyumbani jioni. Nimemwachia mama yangu nguo zangu zilizofuliwa, na nimemwambia kwamba nikichelewa asimpelekee maji tena yule mtu.

Ndugu yangu, barua hii nitampa Mama Régine aiweke mpaka Régine ajue kusoma. Siku hiyo asome mwenyewe kwamba baba yake alikuwa na fimbo mkononi, kwamba aliamriwa aiweke chini, na jina la aliyeamuru litakuwa limesemwa mbele ya sheria, hata kama ni mara moja tu, hata kama hakuna aliyeliandika. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Jambo hilo sitalipunguza, wakinitisha au wakinibembeleza. Na mkeo hatabaki peke yake na wanao maadamu mimi au mama yangu tuko hai.

Uende salama huko uliko. Hapa kazi ya kutafuta makosa inaendelea, na ninaifanya taratibu kuliko zamani.

Yule mtu wa ng'ambo ya barabara ameshafika. Leo hakuketi, amesimama. Kyungu amemwona kupitia dirisha, akaniuliza kama kuna mlango wa nyuma. Nikamwambia upo. Akafikiri kidogo, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akasema: "Tutoke na wa mbele."

Wako,
Gaspard